Tumia Neno Hili Katika Sentensi

Wahenga walisema adui wa mtu ni mtu. Nimeifundisha methali hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi kwa miaka 33, na katika miaka hiyo yote hakuna zoezi nililolipenda kama lile la kutunga sentensi. Unaandika maneno kumi ubaoni, unawaambia watoto wayatumie, kisha unakaa mezani kwako kusubiri. Zoezi halihitaji kitabu wala kifaa, na kwa mwalimu wa enzi za shida hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini nililipenda kwa sababu nyingine. Mtoto akiulizwa swali la moja kwa moja kuhusu nyumbani kwao atanyamaza na kuinamisha kichwa. Ukimpa neno alitungie sentensi, atakueleza kila kitu bila kujua kwamba ameulizwa.

Leo nataka kusimulia habari ya neno moja nililoliandika ubaoni mwaka 1983, na sentensi moja niliyoisahihisha vibaya. Nilijua kuwa naisahihisha vibaya, msomaji wangu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kiswahili si maskini wa majina ya watu wasiotutakia mema. Tunaye adui, tunaye mbaya wetu, tunaye mgomvi, mshindani na mpinzani. Kwa mambo yanayotuzuia njiani tuna kikwazo, neno lililotokana na kujikwaa. Tuna kizingiti, kigingi na kisiki, na mtu asiyeng'oka mahali pake tunamwita kisiki cha mpingo. Yale yanayotuandama bila kuonekana tunayaita nuksi, mkosi na kisirani. Katikati ya wote hao amekaa hasimu. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni mtu mnayekabiliana naye katika madai, yule anayesimama upande wa pili mbele ya kadhi. Kwa hiyo si kila mtu mbaya ni hasimu. Mwizi aliyekuibia kuku na kutokomea si hasimu wako. Hasimu ni mtu mnayejuana naye, mwenye shauri na wewe, na shauri hilo haliishi.

Waingereza nao wana neno lao la namna hiyo, nemesis, ambalo wengi hulitumia kumtaja mshindani asiyeshindika au jambo linalomwandama mtu maisha yake yote. Walilichukua kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao Nemesis alikuwa mungu wa kike aliyewalipa wenye kiburi stahili yao. Mzizi wa jina hilo ni kitenzi chenye maana ya kugawa, kumpa kila mtu fungu lake. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu na kukaa kimya kwa muda, kwa sababu ugomvi ninaotaka kuusimulia ulianza siku ya kugawa.

Nikiitazama nyuma kazi yangu, naona kwamba kila enzi ilituletea adui wake na neno lake, na watoto wakaliingiza katika daftari. Nilipoanza kufundisha mwaka 1970 kila mtoto alijua kwamba maadui wa taifa ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Ungeandika neno "adui" ubaoni, ungepata sentensi arobaini zinazofanana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kutupa mabepari, mabeberu, wanyonyaji na makupe, na watoto waliochunga mbuzi walimwelewa kupe vizuri zaidi kuliko sisi walimu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, taifa zima lilijifunza neno nduli. Miaka miwili baadaye, watoto waliokuwa wakipigania gololi uwanjani bado walikuwa wakiitana nduli. Kisha ukaja mwaka 1983 na msako wa wahujumu uchumi, mwaka ambao watu walitupa sabuni na khanga vichakani usiku kwa hofu ya kukutwa nazo, na neno mlanguzi likaingia katika sentensi za watoto ambao hata sukari hawakuwa wameionja kwa wiki kadhaa. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 tulilipata upya neno mpinzani, na ilituchukua muda mrefu kuwafundisha watu, na sisi wenyewe, kwamba mpinzani si lazima awe adui.

Maneno yote hayo yalikuwa na raha yake, kwa sababu yalimwonyesha adui aliye mbali. Nduli alikuwa Kampala. Beberu alikuwa ng'ambo. Hakuna aliyeogopa kuyatungia sentensi. Neno hasimu halikuwa hivyo, nami sikulijua hilo mpaka nilipoliandika ubaoni.

Mimi ni mtu wa Pangani, upande wa Bweni, ng'ambo ya mto. Baba yetu alifariki dunia Desemba 1978, wakati vijana wetu wakiwa vitani. Aliacha nyumba, ng'ombe wawili na shamba la minazi. Tulikuwa watoto watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na dada yetu aliyeolewa Tanga. Mgao ulifanywa kwa sheria, mbele ya wazee, na hakuna aliyelalamika. Dada alilipwa fungu lake kwa ng'ombe na fedha, na shamba likagawanywa mara mbili baina ya kaka na mimi. Mpaka ulikuwa mwembe mkubwa ulioangushwa na upepo zamani, ukabaki kisiki. Wazee walisema, kuanzia kisikini kwenda mtoni ni kwa mkubwa, kuanzia kisikini kwenda barabarani ni kwa mdogo.

Tatizo lilikuwa minazi saba. Ilisimama kwa safu, sambamba na kisiki, na kila mtu aliiona iko upande wake. Kaka alisema baba aliipanda mwaka aliozaliwa yeye. Mimi nilisema ukivuta kamba kutoka kisikini kwenda kwenye njia, minazi yote saba inabaki kwangu. Nilivuta kamba hiyo mbele yake. Nilikuwa mwalimu, nilijua kupima, nami nilitaka aone kwamba najua kupima. Kaka hakusoma zaidi ya darasa la nne. Aliitazama kamba, akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, kumbe nilikusomesha ili uje unipime mimi?" Maana ni kweli, alikuwa ameacha shule ili afanye kazi ya mkonge, na sehemu ya ujira wake ndiyo iliyoninunulia sare.

Sikumjibu. Niliikunja kamba yangu na kuondoka.

Kuanzia mwaka 1979 sikumwamkia tena. Msomaji asiyekulia kwetu huenda asione uzito wa jambo hili. Shikamoo ni deni la mdogo kwa mkubwa. Mkubwa hawezi kuanza. Kazi yake ni kusubiri na kuitikia marahaba. Mimi nikiizuia shikamoo yangu, yeye hana la kufanya ila kupita. Tulivuka mto kwa kivuko kimoja, yeye na jembe lake, mimi na madaftari yangu, tukitazama maji. Msikitini tulichagua safu tofauti. Mama, ambaye nyumba yake ilikuwa baina ya nyumba zetu, alipika wali kila Ijumaa, nasi tulikwenda kula kwa zamu. Mmoja alikula mapema, na mwingine alisubiri kibarazani kwake mpaka amwone mwenziwe akitoka. Minazi saba hakuna aliyeigusa. Mama alikwisha kuapa kwamba atakayeangua dafu hata moja pale asimzike.

Kabla ya hapo tulikuwa watani. Kaka alikuwa Yanga na mimi Simba, kama nyumba nyingi zilivyogawanyika. Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao 6 kwa 0, habari zilipotufikia kwa redio nilikwenda kwake usiku uleule na sanda ya karatasi niliyoikata kwenye gazeti, nikamwambia nimekuja kuzika. Alinikimbiza na mwiko mpaka mtoni. Nami nilikuwa na deni lake, kwani mwaka 1974, Yanga iliposhinda 2 kwa 1 kule Nyamagana, Mwanza, yeye alinitumia kanzu kuukuu na ujumbe kwamba niivae katika kipindi cha kufiwa.

Hayo ndiyo mambo ya watani. Magazeti yetu hupenda kuandika "mahasimu wa jadi" yanapotaja timu hizi mbili, na mara nyingine "watani wa jadi", kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Si mamoja kabisa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga, wakaanzisha timu ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ikaja kuitwa Simba. Ni watoto wa nyumba moja. Mtani huchukua kuku wako mbele ya macho yako na wewe unacheka. Hukutukana msibani, hulala kaburini akadai fedha, na bila yeye msiba haujakamilika. Wazee husema kwamba utani mwingi baina ya makabila ulizaliwa na vita: Wangoni na Wahehe waliuana katika karne ya 19, na leo wanataniana. Kwa hiyo utani ni uhasama uliofundishwa kucheka. Sikufikiri kwamba safari hiyo huweza pia kurudi kinyumenyume, watani wakageuka mahasimu, lakini mimi na kaka tuliifanya kwa siku moja, kwa kamba ya mita ishirini.

Sasa nirudi darasani. Mwaka 1983 nilikuwa na darasa la sita, na ndani yake alikuwamo mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka 12. Nyumbani ningekuwa baba yake mdogo, lakini hakuwa akija nyumbani kwangu. Shuleni aliniita mwalimu kama wenzake, kwa adabu kamili, na alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Daftari lake, lililokatwa nusu kwa ajili ya uhaba wa karatasi, lilikuwa safi kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Niliandika maneno kumi ubaoni. La saba lilikuwa "hasimu". Sikulichagua kwa makusudi; nilikuwa nataka watoto wajue wingi wake. Jioni nilikaa kusahihisha kwa mwanga wa koroboi. Watoto wengi waliandika kuhusu paka na panya. Mmoja aliandika kwamba mwizi na polisi ni mahasimu, nikampa vema. Kisha nikafika kwenye daftari lile safi. Sentensi ya saba ilisema hivi: "Baba yangu na mwalimu wetu ni mahasimu, lakini bibi huwapikia chungu kimoja."

Niliisoma mara tatu. Nilitafuta kosa. Wingi ulikuwa sahihi. Upatanisho ulikuwa sahihi. Mkato uliwekwa panapostahili. Alitumia "hu-" ya mazoea, ambayo wenzake wengi hawakuiweza, na aliunganisha mawazo mawili yanayopingana kwa neno "lakini", jambo nililolifundisha wiki ile ile. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote nilizosoma mwaka ule. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya kosa, na pembeni nikaandika: "Rudia."

Kesho yake alirudia. Hakuuliza kitu. Aliandika: "Simba na Yanga ni mahasimu." Nikampa vema.

Hebu fikiri, msomaji. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli na nikaihukumu kuwa ni kosa. Ya pili, kwa kipimo changu mwenyewe niliyefundisha tofauti ya mtani na hasimu, ilikuwa na kasoro, nami nikaipa alama kamili.

Mama yangu alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, baada ya mwaka 1970, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa akipitia daftari za wajukuu wake kama mkaguzi wa elimu. Ijumaa iliyofuata nilipokwenda kula, daftari lilikuwa juu ya mkeka, limefunguliwa. Alikishika kidole chini ya kila neno akanisomea sentensi ile polepole, kisha akauliza, "Mwanangu, kosa liko wapi hapa?"

Nikasema, "Mama, sentensi hiyo haina adabu."

Akasema, "Mimi nilidhani unafundisha Kiswahili."

Akanipakulia. Nilikula bila kuinua uso. Wali ulikuwa umeungwa kwa nazi nzito, na nilipomsifu, kwa kukosa la kusema, alijibu, "Ni nazi za minazi saba. Zinaanguka zenyewe, mimi naokota. Kaka yako naye ameshazila leo asubuhi." Kwa miaka minne tulikuwa tunakula kwa zamu mali tuliyokatazana.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama pale pale nikaenda kwa kaka. Sikwenda. Nilikuwa na sababu, na mtu mwenye sababu nzuri ni mgumu kuliko mwenye hatia. Nilikuwa nimevuta kamba, na kamba haidanganyi. Mama alifariki mwaka 1989. Tulibeba jeneza, kaka upande wa kulia na mimi wa kushoto, mabega yetu yakigusana njia nzima mpaka makaburini, na hatukuamkiana. Kwa mambo yote niliyofanya maishani, hili ndilo ninalolikumbuka usiku.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, jambo ambalo hakuna timu yetu iliyokuwa imelifikia. Ilitoka sare ya bila mabao kule Abidjan dhidi ya Stella, na sote, hata wasio Simba, tuliamini kikombe kimekwisha kuwa chetu. Novemba, Dar es Salaam, mbele ya watu wake, Simba ikafungwa 2 kwa 0. Nilizima redio nikakaa kibarazani gizani. Baada ya muda nilimwona binti wa kaka akija. Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka 22, naye amekwisha kuwa mwalimu. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyetumwa na hajui atapokewaje.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema. "Baba anakupa pole ya msiba. Anauliza matanga yataanuliwa lini."

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha kicheko kikanitoka ambacho sikukiita. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na baada ya hapo machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko. Mkubwa hawezi kuanza kuamkia, nilisema. Lakini kumbe mtani anaweza kuanza utani. Kaka alikuwa ametafuta kwa miaka 14 mlango ambao mkubwa anaweza kuupitia bila kujivunjia heshima, na Stella ya Abidjan ikamfungulia.

Nilivaa viatu nikaenda. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, akijifanya anarekebisha taa. Nikasema, "Shikamoo, kaka." Akakaa kimya kitambo, halafu akasema, "Marahaba, mfiwa. Karibu."

Asubuhi tulikwenda shambani pamoja kukitazama kisiki. Pori lilikuwa limeota, tukafyeka karibu saa nzima. Hatukukiona. Mchwa walikuwa wamekila chote, pamebaki kishimo kidogo na vumbi. Kaka alilichota vumbi lile kwa kiganja, akaniambia, "Haya, pima." Minazi miwili kati ya saba ilikuwa imekwisha kufa. Mitano iliyobaki tukaipa jina la mama, na mpaka leo nazi zake ni za atakayepika siku ya Ijumaa.

Kaka aliishi mpaka mwaka 2011. Tulipata miaka 18 ya utani, na sina malalamiko, ila yale ya hesabu: 14 niliitupa mwenyewe. Mei 6, 2012, Simba ilipoifunga Yanga 5 kwa 0, nilisimama kwa furaha nikatafuta viatu, na nilikuwa nimekwisha kuvaa kimoja nilipokumbuka kwamba hakuna wa kumpelekea pole.

Miaka kadhaa baadaye nilimwomba radhi yule binti kwa ile alama ya kosa. Nilidhani amesahau. Alitabasamu akasema, "Baba mdogo, sikuumia kwa kosa lile. Niliumia kwa vema ya pili. Nilijua kwamba unataka sentensi isiyokugusa, nikakupa. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu akiandika jambo linalonichoma, humpa kwanza alama anayostahili, halafu naenda nje kupunga upepo."

Nimelitafakari neno hasimu kwa muda mrefu, na nimegundua mambo mawili ambayo sarufi ilikuwa ikiniambia siku zote nami sikusikia. La kwanza ni kitenzi chake. Twasema kuhasimiana, kwa "-ana" ile ile ya kupendana na kusaidiana. Uhasama hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja akiacha, mwingine anabaki ameshika upande mmoja wa kamba usiofungwa popote. La pili ni kuhusu adui. Nomino nyingi za watu huchukua "wangu": mtoto wangu, mwalimu wangu, mgeni wangu. Lakini watu wachache tunawatenga, tukawapa "yangu": baba yangu, kaka yangu, ndugu yangu, rafiki yangu, jirani yangu. Na katika orodha hiyo hiyo, bila aibu, Kiswahili sanifu kimemweka adui yangu. Lugha imemkalisha mkeka mmoja na jamaa zetu. Nadhani waliotangulia walijua kwamba mtu hafanyi uadui mrefu na mgeni. Hana muda naye.

Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5 kwa 1. Sikuzima redio. Nilikaa kibarazani kama zamani. Haukupita muda simu ikalia, na nilijua ni nani kabla sijaipokea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba anakupa pole ya msiba."

Hakusema "angekupa". Mwalimu yule anazijua nyakati za vitenzi kuliko mimi niliyemfundisha. Nilisikiliza nikatafuta kosa katika sentensi yake, na safari hii sikuliona, wala sikutaka kuliona. Nikamwambia, "Vema."